Angalia laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako

Kama uko Tanzania, piga *106# sasa hivi. Hata kwenye kitochi inafanya kazi, haihitaji intaneti. Fuata menyu utaona laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA.

Ukikuta usiyoijua, usishangae sana. Mara nyingi mchezo huchezwa pale pale chini ya mwamvuli unaposajili laini: wakala anakwambia "kidole hakijasoma, weka tena," nawe unaweka mara ya pili, ya tatu. Kumbe cha kwanza kilishasoma, na hicho kingine kimesajili laini ya mtu mwingine. Siku laini hiyo ikitumika kutuma zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii", jina litakalotokea ni lako.

Kuifuta, nenda na namba yako ya NIDA kwenye duka lenyewe la kampuni ya simu, si kwa wakala wa barabarani. Na wakala akitaka kidole tena, mwombe kwanza akuonyeshe kioo cha simu yake. (Wengine hununa. Wanune tu.)

Meseji za kitapeli zenyewe zitume kwenda 15040.