SOMO: Kuchagua fomati ya picha ili maandishi yasomeke mtandaoni

Wakuu, habari za muda huu.

Kila siku tunapokezana matangazo ambayo maandishi yake hayasomeki: kadi za michango ya harusi, ratiba za mitihani, orodha za bei, namba za kulipia. Ukivuta picha uone vizuri, herufi zimezungukwa na vumbi na huwezi kujua kama ile tarakimu ni 8 au 6. Hela ya mtu inaweza kwenda kusikokusudiwa kwa sababu ya picha tu. Wengi husingizia simu, wakati mara nyingi tatizo lilianzia kwenye fomati, yaani aina ya faili la picha, pale faili lilipohifadhiwa au lilipotumwa.

Hatua ya 1: Angalia kilichomo kwenye picha kabla ya kuhifadhi

Picha ya kamera yenye watu, chakula au mandhari, hifadhi JPG. Ikiwa na maandishi, jedwali, nembo, au ni skrinishoti, hifadhi PNG.

Sababu ni hii. JPG (JPEG ni hiyohiyo) ni ya mwaka 1992 na ilibuniwa kwa ajili ya picha za kamera. Huikata picha vipande vya pikseli (vidoto vidogo vinavyounda picha) 8 kwa 8, kisha ndani ya kila kipande hutupa yale mabadiliko madogo ya ghafla, ambayo kwenye anga au ngozi ya uso jicho halihisi kwamba yamepungua. Sasa ukingo wa herufi wenyewe ni badiliko la ghafla: weusi unaishia hapa, weupe unaanzia hapohapo. JPG hulazimika kuukadiria ukingo huo kwa mawimbi laini, na mawimbi hayo humwagikia pembeni.

Jaribu mwenyewe. Andika neno moja kwa rangi nyeusi juu ya nyeupe, hifadhi JPG kwa ubora wa 40 kati ya 100, kisha livute hadi asilimia 400. Utaona madoa ya kijivu kandokando ya herufi, halafu yanakatika ghafla kwenye mstari ulionyooka. Huo mstari ni mpaka wa kipande cha 8 kwa 8. Kipande cha jirani, kisicho na herufi, ni cheupe safi.

PNG ilitoka mwaka 1996, baada ya mzozo wa hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) kuhusu njia ya kubana inayotumiwa na GIF, fomati nyingine ya picha. Yenyewe hubana bila kutupa kitu: pikseli uliyohifadhi ndiyo utakayoikuta. Na kwa tangazo lenye usuli (sehemu ya nyuma ya maandishi) wa rangi moja, mara nyingi faili la PNG huwa jepesi kuliko la JPG. Wengi hawaamini mpaka walinganishe.

Hatua ya 2: Kuwa makini na rangi

JPG nyingi huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi huhifadhi moja kwa kila pikseli 4. Herufi nyeusi juu ya nyeupe huvumilia. Herufi nyekundu juu ya bluu huchubuka vibaya, kwa kuwa tofauti yake kubwa iko kwenye rangi, na mwanga wake unakaribiana. Ukilazimika kutumia JPG, kwenye GIMP (programu ya kuhariri picha) fungua mipangilio ya ziada wakati wa kutoa faili (Export), chagua 4:4:4, yaani kila pikseli ihifadhiwe rangi yake, na ubora usishuke chini ya 90.

WebP, fomati nyingine ya picha za mtandaoni, ina aina mbili. Ile isiyopoteza kitu ni nzuri sana kwa maandishi. Ile inayopoteza hupunguza rangi kama nilivyoeleza, na haina chaguo la 4:4:4.

Hatua ya 3: Vipimo

Hapa ni kwa kifupi: buni kwa ukubwa utakaotumika. Kwa Instagram, upana wa pikseli 1080. Ukibuni kwa 400 kisha ukainyoosha, hata PNG haitakuokoa.

Hatua ya 4: Jinsi ya kutuma

Hapa ndipo kazi nzuri nyingi hufia. Ukituma PNG kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu huibana upya kuwa JPG. Tuma kama dokumenti, itafika ilivyo. Telegram nayo, tuma kama faili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina JPG iliyokwisha kuchafuka. Nikiigeuza kuwa PNG itasafika?

Jibu: Hapana, mkuu. PNG itayatunza madoa yaleyale kwa uaminifu, na faili litaongezeka uzito. Rudi kwenye faili la kazi uliyobunia, utoe PNG kutoka huko. Kama halipo, andika maandishi upya. Na tuzoee kutunza mafaili ya kazi, maana kila unapofungua JPG, ukarekebisha na kuihifadhi tena, inapoteza kitu.

Swali: Bango langu la PNG limefika MB 6 na tovuti inachelewa kufunguka. Nifanyeje?

Jibu: Yaelekea kuna picha ya kamera ndani yake, hizo ndizo zinazoifanya PNG iwe nzito. Dawa bora ni kutenganisha: weka picha kama JPG, na maneno uyaandike kwenye ukurasa wenyewe juu ya picha. Yatabaki makali kwenye kila kioo, na injini za utafutaji zitayasoma. Kama ni michoro mitupu, punguza rangi za PNG ziwe 256. Nembo ihifadhi SVG, fomati inayohifadhi mchoro kwa mistari badala ya pikseli, ikuzwe itakavyo.

Swali: Sisi wa kutangaza biashara kwenye Status ya WhatsApp tufanyeje? Pale hakuna dokumenti.

Jibu: Ni kweli, dada, Status itaibana tu. Basi buni ukijua hilo. Herufi nene na kubwa, nyeusi juu ya nyeupe au nyeupe juu ya nyeusi, usuli mtupu nyuma ya maneno, bila picha ya maua chini ya bei. Namba ya simu iandike kwa mafungu ya tarakimu tatutatu, halafu irudie kwa kuichapa kwenye maelezo ya chini ya picha. Maelezo hayo ni maandishi halisi, hayabanwi.