Kuweka lebo ya akili unde kwa sheria ya China

Tangu tarehe 1 Septemba 2025, ukipakia kwenye mitandao ya China kama Douyin picha, video, sauti au maandishi yaliyotengenezwa kwa akili unde, sheria inakutaka utangaze hivyo kwa kutumia kitufe cha lebo cha mtandao wenyewe. Lebo ziko mbili: ya kuonekana, na iliyofichwa ndani ya faili.

Tuanze na ya kuonekana. Maneno yake yataje akili unde (人工智能, au herufi AI) pamoja na 生成, "imezalishwa", au 合成, "imeunganishwa". Kuandika "imehaririwa" peke yake hakutoshi. Kwenye picha, lebo hukaa ukingoni au kwenye kona, na kimo cha herufi kisipungue asilimia 5 ya upande mfupi. Picha ya pikseli 1080 kwa 1350 inadai herufi za pikseli 54 kwenda juu. Kata picha kwanza, ndipo uweke lebo. Ukikata baadaye, kona huondoka na lebo yake.

Video hufuata kipimo hichohicho, na lebo ionekane mwanzoni kwa sekunde 2 au zaidi. Sauti hupewa tangazo la maneno, au mlio wa fupi-refu, fupi-fupi, ambao kwa msimbo wa Morse, alama za milio mifupi na mirefu, ni A na I.

Lebo ya ndani huwekwa na programu iliyozalisha kazi. Fungua faili kwa ExifTool, programu ya kusoma taarifa zilizofichwa ndani ya faili, utafute sehemu iitwayo AIGC: humo mna jina au namba ya mtoa huduma ya akili unde na namba ya kazi yenyewe. Usipakie skrinishoti, wala nakala iliyopita WhatsApp, kwa sababu taarifa hizo hupotea njiani. Hifadhi faili la awali na ulipakie hilohilo.

Mtandao ukiikuta lebo ya ndani, unatangaza kuwa kazi ni ya akili unde. Usipoikuta lakini wewe umetangaza, unaandika "huenda". Ukikosa vyote viwili na ukagundua dalili, unaandika "inashukiwa", na neno hilo humharibia mfanyabiashara mwaminifu kuliko lebo yoyote. Kufuta au kughushi lebo kwa makusudi ni marufuku kabisa.

Ukihitaji nakala isiyo na lebo ya kuonekana, mwombe mtoa huduma. Anaweza kukupa baada ya makubaliano kuainisha wajibu wako wa kuweka lebo, naye atatunza kumbukumbu zako kwa miezi isiyopungua 6.