SOMO: Umenunua boti ya mtumba na hujui waya upi ni wa nini? Anzia hapa

Wakuu, swali ni lilelile kila mara: "Nimenunua boti, nimefungua chini ya usukani nimekuta nyaya kama tambi, zingine zimekatwa, nifanyeje?" Nimechoka kulijibu vipandevipande. Naweka lote hapa, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapahapa.

Nazungumzia boti ya faiba, mashine ya petroli ya kufunga nyuma, betri ya volti 12. Kama umenunua boti ya uvuvi ya Kijapani yenye dizeli ya ndani, pima betri kwanza, nyingi zinatumia volti 24.

Vifaa: mita ya dijitali yenye mlio, waya mwembamba mrefu wa kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) na kurudi, balbu ya breki ya wati 21 na holda yake (duka lolote la spea za pikipiki), tepu ya karatasi, kalamu isiyofutika, daftari.

HATUA YA 1. Piga picha kila kona kabla hujagusa kitu.

HATUA YA 2. Fungua mifuniko yote, mvuke wa petroli utoke.

HATUA YA 3. Chomoa betri, hasi kwanza, kisha chanya. Kuzima swichi kuu hakutoshi. Pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayokusanyika chini ndani ya boti) kwa kawaida hufungwa moja kwa moja kwenye betri ili ifanye kazi hata ukiwa umelala nyumbani. Kama boti ina inveta au tundu la kuchomekea umeme wa nchi kavu, tenganisha hivyo pia.

HATUA YA 4. Sahau rangi kwa sasa. Boti ya Kimarekani iliyofungwa kwa utaratibu wao, kahawia ni pampu ya ngama, kijivu ni taa za njia, pinki ni geji ya mafuta. Hiyo ni siku ilipotoka kiwandani. Mwenye nayo wa tatu alikuwa na rola ya waya mwekundu akafunga kila kitu kwa mwekundu. Halafu kuna hili la hatari: upande wa betri, mweusi ni hasi, lakini upande wa umeme mkubwa (wa inveta au nchi kavu) wa Kimarekani mweusi ndio wenye moto. Ukikuta mweusi, mweupe na kijani vimelala pamoja ndani ya ganda moja, usiguse mpaka ujue unaishia wapi.

HATUA YA 5. Kila waya upe namba, ncha zote mbili unazoziona. Namba, si jina. Ukiandika "taa ya mbele" kwa kukisia, baada ya mwezi utaamini maandishi yako mwenyewe.

HATUA YA 6. Tafuta kwa mlio. Funga waya wako mrefu kwenye ncha moja ya waya usiojulikana, nenda nao upande wa pili, shikisha mguu mmoja wa mita kwenye waya mrefu, na wa pili gusa ncha moja moja mpaka mita ilie. Tenga ncha ZOTE MBILI kwanza, na toa balbu kwenye taa. Balbu ya wati 10 ikiwa baridi ina omu moja au mbili tu, kwa hiyo mita italia kupitia balbu na utaona kama chanya na hasi ni waya mmoja. Hapo ndipo watu wanasema mita mbovu.

HATUA YA 7. Kuupa waya moto. Soma polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipounguza CDI (kifaa kinachotoa moto wa plagi) ya mashine ya mteja na nikailipa. Mashine nyingi za kufunga nyuma huzimwa kwa waya mmoja unaogusishwa kwenye bodi ya mashine. Kwenye Yamaha huwa mweupe, kwenye Mercury mweusi wenye mstari wa njano. Waya huo hautakiwi kuonja volti 12 hata kwa sekunde, ukiupa umeua CDI. Kwa hiyo:

– Kila waya unaoingia kwenye kifungu cha mashine, boksi la mkono wa gia au swichi ya kamba ya usalama, HAUPEWI MOTO. Unafuatwa kwa macho na kwa mlio tu.
– Waya unaokwenda kwenye tangi la petroli HAUPEWI MOTO. Ule wa geji unaingia kwenye kifaa kilichomo ndani ya tangi. Sina la kuongeza.
– Waya ambao hatua ya 6 haijakuonyesha mwisho wake HAUPEWI MOTO.

Iliyobaki, toa chanya ya betri, pitisha kwenye fyuzi ya ampea 3, kisha kwenye balbu ya wati 21, kisha kwenye waya unaoujaribu. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote huenda kuna shoti, lakini hakuna kinachoungua, maana ikishawaka haipitishi zaidi ya kama ampea 1.75. Ikiwaka hafifu na taa fulani nayo ikawaka hafifu, umeupata. Redio na kifaa cha kutafutia samaki usivijaribu hivi, vina fyuzi zao, vifunge kama kawaida. Na jamani, balbu haiokoi CDI.

HATUA YA 8. Waya uliokosa mwenyewe usikate. Funika ncha, andika namba, uache. Tumia boti wiki kadhaa. Ukikuta kila kitu kinafanya kazi, ndipo uutoe.

Maswali karibuni.

———

Kijana wa Feri: Mkuu somo zuri. Mimi nina waya mwekundu uko chini ya usukani, ni wa nini?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Kijana wa Feri: Nimesoma mkuu ila ni mwekundu kabisa, hauna mstari.

Mwandishi: Hatua ya 4, halafu ya 5, halafu ya 6.

Fundi Chuma: Mnakuza mambo. Mimi nagusisha kwenye betri, kinachowaka ndicho chenyewe. Miaka yote nafanya hivyo.

Mwandishi: Hongera. Sijaandika kwa ajili ya asiyewahi kuunguza kitu, nimeandika kwa ajili ya aliyenunua boti kwa mkopo. Bei ya CDI unaijua wewe mwenyewe.

Fundi Chuma: Sijasema vibaya mkuu, nimechangia tu.

Mwandishi: Sawa. Ila atakayekufuata na waya mweupe wa Yamaha mkononi, umlipie.

Mama Dagaa: Habari kaka. Boti yetu taa ya omo haiwaki. Nimepima kwenye holda napata volti 12.4 sawasawa na betri. Balbu mpya nimeweka, haiwaki. Nimebadilisha tena, bado. Inawezekanaje umeme upo na taa haiwaki?

Mwandishi: Dada, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Mita haili umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata ukibaki uzi mmoja wa shaba ndani ya waya, itakuonyesha volti 12 kamili. Taa ikidai chake, uzi ule hauwezi. Fanya hivi: acha balbu kwenye holda, washa swichi, kisha pima volti taa ikiwa inadai. Ikishuka hadi 3 au 4, tatizo ni njia. Sasa pima vipande: mguu mmoja wa mita kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye chanya ya taa. Volti utakazoziona ndizo zinazopotea njiani. Kwa taa za njia, chanya na hasi kwa pamoja isizidi asilimia 3, yaani kama volti 0.36. Rudia upande wa hasi, wengi wanausahau na mara nyingi ndio wenye ugonjwa.

Mama Dagaa: Nimerudi kaka. Chanya inapoteza 0.2. Hasi inapoteza 8.9!

Mwandishi: Umeshamaliza kazi. Fuata hasi kutoka taa ya omo, utakuta kiungo kilichosokotwa na kufungwa tepu, chini ya sitaha, mahali maji yanapopita.

Mama Dagaa: Nimekikuta, ndani unga wa kijani. Nimekata lakini shaba bado nyeusi.

Mwandishi: Endelea kukata mpaka ing'ae. Ukikata kiganja kizima na bado nyeusi, badilisha waya wote. Tafuta waya wa shaba iliyopakwa bati, ndani unaonekana wa fedha. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene usiuweke kwenye boti, mtikisiko unaukata.

Pwani Solar: Nyongeza kwa dada: kiungo kikae juu, mbali na ngama, na ukikibana kwa lagi (kichuma cha kubania ncha za waya) kivishe mpira unaosinyaa kwa moto, wenye gundi ndani. Tepu nyeusi chumvini inaachia.

Mzee wa Tanga: Nimenunua boti, imefungwa majini. Kuna waya umetoka betri moja kwa moja, hauna swichi wala haujulikani, nimeukata maana ulikuwa unanimalizia betri.

Mwandishi: Mzee wangu, shikamoo. Rudi ukauangalie leo kabla maji hayajajaa. Huo kwa kila dalili ni wa pampu ya ngama, ule niliouandika hatua ya 3. Angalia kama unaishia kwenye swichi ya kuelea.

Mzee wa Tanga: Marahaba. Ni kweli, upo kwenye pampu. Na maji yamefika kifundoni.

Mwandishi: Uunge sasa hivi, na uwekee fyuzi karibu na betri, ya ukubwa ulioandikwa kwenye pampu. Betri kuisha si kosa la waya. Pampu inafanya kazi muda mrefu kwa sababu maji yanaingia. Angalia kizibo cha tezi kwanza, kisha matundu ya boliti zilizofunga mashine.

Mzee wa Tanga: Kizibo kina mpira umepasuka.

Pwani Solar: Mzee, ukinunua kizibo nunua viwili. Kimoja kining'inie kwenye funguo.