Namna ya Kulitembelea na Kulisoma Banda la Kumbukumbu ya Vita, Washington

Wageni wengi wa Washington hupita kati ya kumbukumbu ya Lincoln na ile ya Vita Kuu ya Pili bila kuliona banda hili la marumaru nyeupe, linalowakumbuka wakazi wa mji huo waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, kwa kuwa limesimama miongoni mwa miti ya Ash Woods, kusini mwa bwawa refu la Reflecting Pool. Shukia kituo cha treni cha Smithsonian, fuata Independence Avenue kuelekea magharibi, na unapokaribia kumbukumbu ya Martin Luther King, litafute mkono wako wa kulia.

Litazame kwanza kwa mbali. Msanifu Frederick Brooke alichora kuba linalobebwa na nguzo 12, lenye kimo cha mita 14 hivi, na katikati akaacha sakafu tupu inayoweza kuchukua Bendi ya Marine nzima, bendi ya kikosi cha wanamaji cha Marekani, yaani wapigaji wapatao 80, maana waliokufa walikusudiwa kukumbukwa kwa muziki. Siku ya uzinduzi, 11 Novemba 1931, Rais Herbert Hoover alihutubia, na mzee John Philip Sousa, aliyewahi kuwa mkuu wa bendi hiyo, akashika tena kijiti cha kuiongoza.

Usikimbilie kupanda ngazi, kwa sababu lililo zito liko chini. Zunguka msingi polepole ukisoma majina 499 ya wakazi wa Wilaya ya Columbia, yaani Washington yenyewe, waliokufa katika vita hivyo. Yamepangwa kwa alfabeti, bila kujali cheo, rangi wala jinsia, katika mji ambao shule zake zilitenganisha weusi na weupe hadi mwaka 1954. Anayeifahamu Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza pia bila jina la askari hata mmoja, hatakosa kusita hapa. Nenda asubuhi au jioni, jua linapopiga kwa ubavu na kutia kivuli ndani ya herufi zilizochongwa. Saa sita mchana huwa hazisomeki vizuri.

Ndipo upande ngazi. Hali nzuri utakayoikuta ni matokeo ya ukarabati uliokamilika Novemba 2011, baada ya miaka mingi ya kusahauliwa. Kwaya au bendi inayotaka kutumbuiza humo iulizie kwanza kibali kwa Huduma ya Hifadhi za Taifa, inayolisimamia eneo hilo.