Kibali cha Mwekezaji Mgeni Jijini Nairobi

Mgeni anayetaka kufungua biashara Nairobi asitegemee idhini ya kielektroniki ya kusafiri, iliyochukua nafasi ya viza mwezi Januari 2024, kwa kuwa hiyo haimruhusu kufanya kazi. Anachohitaji ni kibali cha daraja G, au daraja F ikiwa anaanzisha kiwanda. Kwanza asajili kampuni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kupata PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi. Kisha aandae pasipoti, barua ya maombi na, muhimu kuliko yote, taarifa ya benki inayothibitisha mtaji usiopungua dola 100,000 za Marekani. Salio lililoingia jana tu, bila maelezo ya chanzo chake, huzua maswali. Maombi hutumwa mtandaoni, hivyo hakuna haja ya kumlipa dalali wa nje ya Jumba la Nyayo, zilipo ofisi za Idara ya Uhamiaji.