Kuamsha injini ya Land Rover ya zamani iliyolala miaka mingi

Land Rover ikilala bandani miaka kumi, injini yake mara nyingi bado ni nzima. Siku ya kuamshwa ndiyo yenye hatari. Betri ya kuazima imeshafika, majirani wamejaa kutazama, mtu anazungusha ufunguo, na ringi za pistoni zilizogandana na silinda kwa kutu zinakatika kabla tone la oili halijapanda juu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika starta ikiwa haijaguswa. Tenga angalau wiki nzima, na kama masika yameshika, subiri yapite: silinda iliyo wazi na mvua ya Tanga haviendani.

Vipimo vya hapa ni vya injini ya petroli ya silinda 4, cc 2286, iliyofungwa kwenye Land Rover Series II, IIA na III, kuanzia 1958 hadi 1985. Ndizo zilizokuwa zikichakazwa kwenye mashamba ya mkonge, Pongwe hadi Korogwe, na zilizobaki utazikuta zimeegeshwa chini ya mwembe.

Jambo moja la pwani lijue mapema. Injini ya silinda nne ikizimwa, daima kuna silinda ambayo valvu yake imebaki wazi. Gari likilala Raskazone au Chumbageni, pale Tanga mjini, hewa ya chumvi huingia humo kupitia ekzosi usiku na mchana. Ndiyo maana injini ambayo watu wanasema "imekaba" kwa kawaida imekaba silinda moja au mbili tu, na nyingine ziko sawa kabisa.

Chungulia kabla ya kushika spana

Toa waya za betri kama zipo. Angalia viota vya panya juu ya injini, na tope la nyigu kwenye mdomo wa ekzosi na wa chujio la hewa. Chujio lenyewe ni la bakuli la oili: lifungue, mwaga ile lami iliyoganda chini, osha kwa mafuta ya taa, kisha weka oili mpya hadi kwenye alama.

Vuta kijiti cha kupimia oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa imepita alama ya juu na inanuka petroli, kiwambo cha pampu ya mafuta kimepasuka na petroli imeshuka kwenye karta, yaani chombo cha oili chini ya injini; pampu hiyo isitumike mpaka ifungwe kiwambo kipya. Halafu legeza boliti ya karta polepole sana. Maji hukaa chini ya oili, kwa hiyo ndiyo yatakayotangulia kutoka. Yakiwa nusu kikombe, ni unyevu wa miaka. Yakiwa lita nzima, gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) imekwisha au kuna ufa, na hapo usiendelee, fungua hedi.

Kulainisha silinda

Safisha mashimo ya plagi kwa brashi na upepo kabla ya kuzifungua, maana mchanga uliojikusanya pale utaanguka moja kwa moja juu ya pistoni. Weka alama kwenye kila waya ya plagi. Changanya ATF, ile oili ya gia za otomatiki, na asetoni kutoka duka la rangi, nusu kwa nusu. Vitu hivi viwili havipendani, hujitenga, kwa hiyo tikisa chupa kila unapomimina. Kila silinda ipewe vijiko viwili vya chakula, kama mililita 30. Rudisha plagi kwa vidole tu, uache siku tatu, ukiongeza kidogo kila jioni. Asetoni hushika moto haraka sana. Sigara na jiko la mkaa vikae mbali.

Siku ya nne toa plagi zote, weka gia fri, chomeka hendeli ya kuzungushia injini mbele. Dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke mpini: hendeli ikirudi nyuma kwa nguvu huvunja kifundo cha mkono. Ni tabia ya kujizoeza hata plagi zikiwa nje. Sukuma taratibu. Ikigoma, usipande juu yake wala usiongeze bomba la kurefusha mpini, maana hapo ndipo ringi hukatika. Rudisha plagi, ingiza gia ya nne, na watu wawili walitikise gari mbele na nyuma kidogo kidogo, dakika tano asubuhi na tano jioni, huku ukiendelea kumimina mchanganyiko. Ikisogea hata upana wa kidole, umeshinda. Irudishe ilikotoka, kisha mbele tena. Wiki mbili zikipita haijasogea, fungua hedi. Gasketi ya hedi ni rahisi kuliko seti ya pistoni.

Valvu ndizo zinazosahaulika

Injini ikizunguka, wengi hudhani kazi imeisha. Fungua kifuniko cha roka (mikono midogo inayosukuma valvu), mtu mmoja azungushe hendeli mizunguko miwili kamili, wewe tazama valvu zote 8 zikishuka na kupanda. Iliyokwama utaijua: roka yake inalegea na kucheza huku springi imebaki chini. Ukipiga starta katika hali hiyo, fito ya kusukuma roka inapinda. Mwagia shina la valvu ule mchanganyiko, subiri saa moja, gonga kichwa chake kwa kipande cha mti kigumu, kwa upole, mpaka irudi yenyewe.

Hapo hapo pima nafasi ya roka kwa fila geji (vibamba vya kupimia nafasi): milimita 0.25, valvu za kuingiza na za kutoa sawasawa. Kuna hesabu rahisi: valvu iliyofunguka kabisa na ile unayoirekebisha lazima zijumlike 9. Namba 8 ikiwa chini kabisa, rekebisha namba 1. Ya 6 ikiwa chini, rekebisha ya 3. Endelea hivyo mpaka zote ziishe. Miminia oili safi juu ya roka zote kabla ya kufunga.

Oili, maji

Karta inachukua lita 6 na filta kama 0.85. Tumia 20W-50 ya kawaida, ya bei nafuu, kwa sababu itamwagwa mapema. Filta ni ya kubadilisha moyo ndani ya kopo lake. Ung'oe mpira wa zamani kutoka kwenye mfereji wake juu. Ukiweka mpya juu ya wa zamani, oili itatoka kama bomba lililopasuka mara tu injini ikiwaka.

Maji ya kisima cha karibu na bahari yasiguse rejeta. Kinga mvua, au tumia maji safi pamoja na koolanti. Mfumo unachukua kama lita 10. Bana hosi: ikilia kama biskuti, badilisha.

Moto wa plagi

Kwa gari la pwani, hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Fungua kofia ya distribyuta uangalie pointi, vile vidole viwili vinavyokata na kuunganisha umeme. Kwa macho zinaonekana zimegusana vizuri, lakini zimevaa utando wa kijivu ambao haupitishi umeme hata kidogo. Piga msasa laini sana mara chache, kisha pitisha kati yake kipande cha karatasi safi kilicholowa thina, uvute mpaka kitoke cheupe. Karatasi ikitoka na weusi, rudia. Nafasi yake ikiwa wazi kabisa ni milimita 0.35 hadi 0.40. Paka grisi kiasi cha punje ya mchele kwenye pembe za shafti. Ikizidi itarukia pointi na utaanza upya.

Betri ni ya volti 12, ila kabla ya kuifunga angalia gari lako linafunga nguzo ipi kwenye chasisi. Land Rover za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa zinafunga chanya. Bodi ni ya alumini na chasisi ni chuma, kwa hiyo waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye chasisi, ukwanguliwe hadi chuma kipya kionekane. Starta inayozunguka kwa uvivu huku betri ni mpya, nane kati ya kumi ni ethi.

Laza plagi juu ya bloku, washa swichi, fungua na ufunge pointi kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Cheche iwe ya bluu na ilie "tak". Ikiwa ya chungwa na nyembamba, badilisha kondensa kwanza, ndiyo ya bei ndogo, kisha pima koili: upande wa waya nyembamba usome karibu ohmu 3. Nafasi ya plagi ni milimita 0.75 hadi 0.80. Waya zipangwe 1-3-4-2, rota ya ndani ya distribyuta ikizunguka kinyume cha saa.

Petroli ya zamani usiitumie

Petroli iliyolala hunuka kama vanishi. Mwaga tangi lote, na mwanzoni usilitumie kabisa: kutu yake itaziba kabureta ndani ya dakika tano. Pata galoni ya lita 5 yenye petroli mpya lita 2, mpira ulio sawa na mdomo wa pampu, na klampu. Kioo cha pampu kioshwe, gasketi yake ya koki (kama kizibo cha chupa) ilowekwe kabla ya kubana.

Kabureta ya Zenith ifunguliwe yote. Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia mchuruziko ndani, limetoboka. Vijitundu vya jeti vipitishwe mshipi wa nailoni wa kuvulia, unapatikana kila duka la zana za uvuvi. Waya wa chuma hupanua shaba, na jeti iliyopanuka hula mafuta maisha yake yote. Rula ya chuma ikiwekwa juu ya sehemu mbili zinazokutana ionyeshe zimenyooka. Kabureta hii ina tabia ya kupinda pale, kisha silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haishiki.

Kuwasha

Gari liwe nje, matairi yamezuiwa kwa mawe, ndoo ya mchanga karibu, breki ya mkono usiiamini. Plagi zikiwa bado nje, chomoa waya mwembamba wa koili, piga starta sekunde 10, pumzika nusu dakika, rudia mpaka taa ya oili izime. Isipozima baada ya mara sita, legeza filta uone kama oili inafika.

Sasa funga plagi, rudisha waya wa koili, vuta choki, piga. Ikishika, iache kwenye mizunguko kama 1,200 na jicho lisitoke kwenye taa ya oili. Ikiwaka tena, zima. Moshi wa bluu kwa dakika 15 ni ule mchanganyiko uliomimina. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na mapovu kwenye rejeta, ni gasketi ya hedi. Ikimisi, zima, chomoa waya wa plagi moja, washa usikilize. Ile ambayo ikichomolewa mlio haubadiliki ndiyo silinda mbovu.

Klachi ikiwa imegandana na flaiwili, gia haitaingia. Hilo ni kazi ya siku nyingine, kama zilivyo breki, na gari lisitoke getini kabla hazijafunguliwa.

Baada ya saa moja ya kuunguruma mwaga oili ikiwa ya moto, kwenye beseni jeupe. Weusi na kutu laini ni kawaida. Ukiona unga wa rangi ya shaba unameta chini, fungua karta uangalie bearingi kabla ya kujaza mpya.