Jinsi ya Kuandaa Tafakari ya Neno la Kila Siku, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni kwa ajili ya Mkristo wa kawaida aliyepewa zamu na jumuiya au ushirika wake kuandaa tafakari fupi ya Neno, itakayotumwa kwa simu kwenye kikundi chao na kusomwa kila asubuhi kabla watu hawajakwenda kazini. Nimeuandika baada ya kumsaidia mama mmoja anayeuza nafaka katika soko la Kibuye hapa Kisumu, ambaye alikabidhiwa juma zima na hakujua aanzie wapi, ingawa Biblia ameisoma tangu utotoni. Maswali yake yalinionyesha kwamba ugumu hauko pale ambapo wengi hudhani. Kupata la kusema si jambo gumu, wala kuliandika si jambo gumu. Lililo gumu ni kujizuia kusema kabla andiko lenyewe halijamaliza kusema.

Utahitaji Biblia ya karatasi, daftari na penseli. Nasisitiza Biblia ya karatasi kwa sababu programu ya simu hukuletea mstari ulioutafuta na kuuweka peke yake mbele ya macho, ilhali kazi yetu karibu yote inategemea kuona kilicho juu ya mstari huo na kilicho chini yake. Ukiweza, uwe na tafsiri mbili: ile ya Union Version, iliyotolewa kamili mwaka 1952 na ambayo maneno yake ndiyo wengi wetu tumeyahifadhi moyoni, pamoja na Habari Njema, ambayo Kiswahili chake ni chepesi kwa vijana. Anayesoma Dholuo au Kiluhya na aiweke mezani Biblia ya lugha yake pia.

Hatua ya kwanza: Chagua andiko kwa kufuata ratiba

Usichague mistari unayoipenda, kwa kuwa baada ya siku chache utajikuta unazunguka palepale, nao wasikilizaji wako watalishwa chakula kimoja. Kanisa Katoliki lina masomo yaliyokwisha kupangwa: ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, yaani A, B na C, na masomo ya kwanza ya siku za kawaida za juma huzunguka kwa miaka miwili. Kama kanisa lako halina ratiba ya namna hiyo, chukua kitabu kimoja, kwa mfano Injili ya Marko yenye sura 16, ukipitie kwa vifungu vifupi kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuruka vile vinavyokutatiza.

Hatua ya pili: Kisome kifungu kwa sauti

Fanya hivyo mara mbili, jioni ya siku iliyotangulia, nyumba ikiwa imetulia.

Hatua ya tatu: Uliza andiko lilimwambia nini aliyelisikia kwanza

Hapa ndipo saa zinapokwenda, na hapa ndipo ninapokuomba usifanye haraka. Wengi wakishasoma hurukia moja kwa moja maisha ya leo, na matokeo yake andiko lolote hugeuka kuwa ahadi ya kazi mpya, fedha au ushindi juu ya maadui. Dawa yake ni maswali matatu yanayojibiwa kwa penseli kabla ya kuandika neno lolote la tafakari: ni nani anayesema, anasema na nani, na kifungu kinaishia wapi.

Tuchukue Luka 5:1-11, kifungu ambacho sisi wa kandokando ya ziwa tunakipenda sana. Mara nyingi mtu husimama penye mstari wa 6, nyavu zinapojaa hadi kuanza kukatika, kisha anatangaza kwamba mwaka huu ni mwaka wa nyavu kujaa. Rudi nyuma kwanza. Mstari wa 2 unasema wavuvi walikuwa wametoka katika vyombo, wanaosha nyavu zao, maana yake kazi ilikuwa imekwisha. Na yeyote aliyewahi kukaa ufuoni Dunga asubuhi, wavuvi wa omena wakirudi na taa zao baada ya kukesha majini, anajua jinsi mtu wa namna hiyo anavyotamani usingizi kuliko kitu kingine chochote. Kumwambia arudi kilindini na nyavu alizokwisha kuzisafisha ni kumwomba jambo zito. Simoni anajibu, “tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu, lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu.” Ona tena kwamba Simoni hakumtii mgeni, kwa kuwa katika sura ya 4, mstari wa 38 na 39, Yesu alikwisha kuingia nyumbani kwake na kumponya mkwewe. Kisha nenda mbele. Katika mstari wa 8 Simoni hashangilii samaki; anaanguka magotini na kujiita mtu mwenye dhambi. Na mstari wa 11 unasema waliviegesha vyombo pwani, wakaacha vyote, wakamfuata. Samaki wale walioombewa na wahubiri wengi waliachwa ufuoni asubuhi ileile. Tafakari inayoishia kwenye mstari wa 6 imemwambia msikilizaji nusu ya habari, na nusu iliyobaki inaelekea upande mwingine kabisa.

Angalizo la kwanza: usichanganye kifungu hiki na Yohana sura ya 21. Huko nako kuna usiku usio na samaki na kuna nyavu zinazojaa, lakini ni baada ya ufufuo, samaki wamehesabiwa kuwa 153, na jarife halikupasuka. Kila mwinjili ana kusudi lake, na ukivichanganya vifungu viwili utapoteza makusudi yote mawili. Vilevile usidhani kwamba ziwa lile lilikuwa kama hili letu. Genesareti lina urefu wa kilomita 21 hivi, na Ghuba ya Winam peke yake, yaani mkono wa Ziwa Victoria ulio hapa Kisumu, ni kubwa kulishinda.

Angalizo la pili ni kuhusu barua. Yeremia 29:11, “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya,” huandikwa kwenye kadi za mahafali na kuta za nyumba. Ni neno la kweli na lenye faraja, lakini liko ndani ya barua iliyopelekwa kwa watu waliochukuliwa mateka hadi Babeli, na mstari wa 10 unawaambia watakaa huko miaka 70. Mtu mzima aliyeisikia barua ile ikisomwa alijua kwamba kaburi lake lingekuwa ugenini. Ndiyo maana mstari wa 5 unawaagiza wajenge nyumba na kupanda bustani, na mstari wa 7 unasema, “Kautakieni amani mji ule.” Kijana aliyemaliza chuo na anayezunguka Kisumu na vyeti vyake bila kuajiriwa hastahili kuambiwa kwamba barua ya kazi inakuja mwezi ujao, kwa sababu andiko halikusema hivyo. Anaweza kuambiwa apande kitu mahali alipo, autafutie mji huu mema, na ajue kwamba Mungu hakumsahau ingawa muda ni mrefu. Neno hilo lina uzito wa kutosha kumtegemeza hata kama mwezi ujao utapita bila habari.

Angalizo la tatu: si kila sentensi iliyomo katika Biblia imesemwa na Mungu au kuungwa mkono naye. Maneno ya Ayubu 8:7, kwamba mwanzo ukiwa mdogo mwisho utaongezeka sana, hutumika kubariki maduka mapya, lakini msemaji ni Bildadi, mmoja wa rafiki watatu wa Ayubu. Katika Ayubu 42:7 Mungu anawakasirikia rafiki hao kwa yale waliyoyanena juu yake. Bildadi alikuwa akimwambia mtu aliyefiwa na watoto wake kwamba angekuwa safi mambo yangemnyokea. Ukiyatumia maneno yale bila kusema yametoka kwa nani, unaweza kumrudia mfiwa wa kikundi chako kwa kosa lilelile lililokemewa.

Angalizo la nne ndilo linalohitaji upole mwingi zaidi. Kitabu cha Mithali kinafundisha hekima, na hekima hutumika kwa kuangalia wakati na mahali. Waswahili husema haraka haraka haina baraka, na haohao husema ngoja ngoja huumiza matumbo, wala hakuna anayeona kwamba wamejipinga. Ndivyo ilivyo Mithali 26, ambako mstari wa 4 unakataza kumjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake na mstari wa 5 unaagiza ajibiwe. Kwa hiyo unapofika Mithali 22:6, juu ya kumlea mtoto katika njia impasayo, usiigeuze kuwa kanuni isiyokosea. Katika kila kikundi kuna mzazi aliyelea vizuri na mtoto bado akapotea, naye atakisoma ulichoandika akiwa peke yake alfajiri.

Ukikwama katika hatua hii, itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yanamopatikana, itakusaidia, pamoja na marejeo yaliyo pembeni mwa ukurasa. Mchungaji au katekista wako pia yupo kwa kazi hiyo. Sishauri kuanza kwa kutafuta mahubiri ya wengine mtandaoni, kwa sababu ukishasikia sauti ya mhubiri mwenye nguvu huwezi tena kulisikia andiko kwa masikio yako mwenyewe. Yasikilize baadaye ukitaka, ili kupima kama umekwenda mbali na njia.

Hatua ya nne: Mtafute mtu mmoja na tendo moja

Sasa ndipo unapogeukia maisha ya leo. Mfikirie mtu mmoja katika kikundi, katika saa moja ya siku yake, na ujiulize andiko hili linamtaka afanye nini kabla jua halijatua. “Tuwe waaminifu” si tendo. Yule mama wa Kibuye alipofika Mithali 11:1, “Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA,” aliandika mwanzoni maneno mazuri ya jumla juu ya uadilifu. Nilimwuliza mizani yake yeye ni ipi. Alinyamaza, kisha akataja gorogoro, lile kopo ambalo wengine hulipondaponda kitako ili kiinuke ndani na mahindi yapungue bila mnunuzi kutambua. Tafakari yake ikawa imepatikana: geuza gorogoro lako leo ulitazame kitako. Nabii Amosi, katika 8:5, aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza efa, yaani kipimo cha nafaka, na kuongeza shekeli, yaani uzito wa kupimia fedha ya mnunuzi, na mama huyo aliweza kuuongeza mstari huo kwa sababu sasa alielewa unazungumza juu ya nini.

Kwa mwendesha boda boda tendo hilo litakuwa nauli anayomtajia mgeni asiyeijua bei, na kwa mwalimu litakuwa mtoto anayemruka kila siku darasani. Onyo moja tu: mfano usitoke katika siri ya mwanakikundi, hata ukificha jina, kwa kuwa mtaani watu hutambuana kwa dalili ndogo.

Hatua ya tano: Andika

Maneno 150 yanatosha. Anza na andiko, eleza kilichotokea ndani yake, taja tendo, funga kwa ombi la sentensi moja. Huu ndio mfano tulioufikia kutoka Luka 5:

“Simoni alikuwa amechoka, na nyavu alikwisha kuziosha. Hakuficha uchovu wake mbele ya Bwana; aliutaja kwanza, kisha akatii. Nyavu zilipojaa hakubaki kuhesabu samaki, bali alimwona aliyesimama mbele yake, akaacha vyote akamfuata. Huenda leo kuna jambo jema ulilolijaribu likashindikana, nawe umekwisha kukunja vifaa vyako: upatanisho na ndugu yako, au mgonjwa uliyeacha kumtembelea. Mwambie Bwana wazi kwamba umechoka. Kisha lirudie mara moja leo, si kwa kutegemea matokeo bali kwa sababu ya neno lake. Ee Bwana, tupe utii wa Simoni, na utuwezeshe kukutazama wewe kuliko samaki. Amina.”

Hatua ya sita: Tuma

Tuma usiku au alfajiri mapema, kabla watu hawajapanda matatu. Tuma maandishi matupu. Picha za maua na machweo zenye mistari juu yake humaliza bando la watu na kuurudisha mstari kule tulikoutoa, peke yake bila majirani zake. Kwa wazee wasioona vizuri, jirekodi ukisoma polepole. Siku kikundi kina msiba, iache tafakari uliyoiandaa hata kama ni nzuri, na utume zaburi ya maombolezo kama ile ya 13 bila maelezo, kwa kuwa Warumi 12:15 inatuagiza tulie pamoja nao waliao.

Majibu yasome adhuhuri. Akitokea aliyeandika kwamba ana shida nzito, mpigie simu au umtembelee siku hiyohiyo badala ya kumjibu mbele ya kikundi kizima, na ukizuka ubishi wa mafundisho, upeleke kwa mchungaji. Katika daftari andika tarehe, andiko na tendo ulilopendekeza, ili zamu yako ikirudi usiwaagize watu walewale jambo lilelile.